Mbwa Aliyekatiwa Bima

Mbwa wa bima hafukuzi nyani. Mmelisikia neno hili leo nje ya kanisa, pale mama mmoja alipomtania mwenzake aliyenunua kitenge kizuri akakifungia sandukuni mpaka mende wakaanza kukitoboa. Mkacheka kwa kuwa wengine walicheka, kisha mkauliza mbwa huyo ni yupi na bima hiyo ni ya nini. Haya, kaeni vizuri. Chanzo chake ni hiki.

Huko Upare, katika kijiji cha Kwembondo, palikuwa na mjane aliyeitwa Nakundwa. Mungu alimjalia binti mmoja, Elinaza, aliyefanya kazi Dar es Salaam, na shamba moja la mahindi na maharage, mgongoni mwa mlima, chini kidogo ya msitu wenye nyani. Shamba hilo ndilo lililompa makande ya mwaka mzima. Likiliwa, hana pengine.

Mlinzi wa shamba alikuwa mbwa mwekundu, jina lake Mtasema. Nakundwa alimpa jina hilo mwaka aliofiwa na mumewe, watu walipokuwa wakimsema sana. Kila akimwita mbwa, majirani wanasikia, na yeye hajagombana na mtu. Mahindi yakianza kubeba, Mtasema hakujua usingizi. Nyani walimwogopa kuliko mawe.

Elinaza alipokuja likizo akamkuta Mtasema ana kovu la jino la nyani ubavuni, akaona huruma. Mjini naye alifuga kambwa kadogo ka manyoya mengi, na alikuwa amekakatia bima. Basi akalipia na mbwa wa mama yake, akarudi kazini. Haukupita muda akaja wakala wa bima, kijana mpole aitwaye Aminieli, amebeba mkanda wa shingoni wa buluu na mnyororo mpya.

"Shikamoo mama. Nimekuja kwa ajili ya bima ya mbwa."

"Marahaba mwanangu, karibu. Hiyo bima inamlinda na nini?"

"Haimlindi yeye, mama. Inakulinda wewe."

"Mimi? Na nini?"

"Na hasara."

Nakundwa akageuka kutazama nyuma yake, kama vile hasara ingeweza kuwa imesimama karibu na banda la mbuzi. Hakuona kitu.

"Mbwa akiumia, kampuni inamtibu," kijana akaeleza taratibu. "Akifa, kampuni inakulipa."

"Inanilipa mbwa?"

"Fedha, mama. Unanunua mbwa mwingine."

"Anayewajua nyani wangu?"

Aminieli akakohoa. "Ila kuna masharti kidogo. Akae nyumbani, asizurure, asipigane na wanyama wa porini. Akiumia huko, bima haipo."

"Sasa bima ipo akiumia wapi?"

"Hapa nyumbani."

"Na hapa nyumbani ataumizwa na nani, baba?"

Kijana akatazama uani. Palikuwa na kuku watatu na mbuzi aliyelala. Akamvika Mtasema ule mkanda, akamfunga mnyororo kwenye nguzo ya banda, akaaga kwa heshima.

Nakundwa alibaki amekaa na sahani ya maharage aliyokuwa akichambua. Alijaribu kulipanga jambo hili kichwani likakataa kukaa. Labda wasomi wa mjini wanajua lisilojulikana huku. Tena mtoto ametoa jasho lake kumfurahisha mama. Utalitupaje jasho la mtoto? Akamwomba Mungu ampe akili ya kuelewa, akamwacha mbwa amefungwa.

Nyani walishuka kesho yake. Mtasema akabweka kutoka uani, wakapanda mitini mbio. Dume lao likakaa juu ya jiwe, likasikiliza. Likagundua kwamba sauti ile haisogei. Likashuka, na wote nyuma yake.

Nakundwa akakimbilia shambani na debe, akalipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Mnajua nyani hamwogopi mwanamke. Walimtazama kama anayewaimbia, wakaendelea kumenya. Akarudi nyumbani, akavaa koti refu la marehemu mumewe na kofia yake, apate kuwahadaa. Waliogopa kidogo, mpaka upepo ulipofunua koti na kanga ikaonekana. Wakarudi mahindini.

Jirani yake, Mzee Senzige, alikuwa ng'ambo ya korongo akikata majani ya ng'ombe. Akapaza sauti:

"Mama Elinaza! Naona maajabu! Mbwa amekaa nyumbani, mama ndiye anafukuza nyani?"

"Ana bima, mzee!"

"Ana nini?"

"Bima! Ili nisipate hasara!"

"Na hayo mahindi yanayoliwa, ndiyo faida?"

Mzee Senzige akacheka mpaka akaketi juu ya mzigo wake wa majani.

"Loo! Kumbe mbwa wa bima hafukuzi nyani!"

Watu waliokuwa mashambani bonde zima wakasikia, wakalidaka neno.

Nakundwa akashuka na koti lake kubwa, aibu imemjaa. Alipofika uani ndipo moyo ulipomwuma kweli. Mtasema alikuwa ameacha kubweka. Alilala, pua mavumbini, macho yakitazama shambani, kama mzee aliyekwisha kustaafishwa.

"Mungu anisamehe, na Elinaza anisamehe," akasema. Akafungua mkanda wa buluu.

Mbwa alipita kama moto wa nyasi. Mlimani kukawa na kelele, majani yakaruka, kisha pakawa kimya. Mtasema alirudi sikio limechanika, mkia juu. Nakundwa akamwosha kwa maji ya chumvi vuguvugu, huku akishukuru. Nusu ya shamba ilikuwa imeliwa, lakini nusu ilibaki, na makande yalipikwa mwaka ule, hata kama ni kwa kupima.

Baadaye Aminieli alikuja kukagua. Akaukuta mnyororo umefungwa vizuri kwenye nguzo, na mwisho wake mkanda wa buluu, hauna shingo.

"Mama, mbwa yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Na bima je?"

"Si hiyo hapo? Imekaa nyumbani kama ulivyoagiza. Haijazurura, haijapigana na mtu."

Inasemekana mpaka alipofariki, Nakundwa hakuelewa bima ile ilikuwa ya nini, na alikuwa akiuliza kila mgeni wa mjini. Lakini neno la Mzee Senzige lilivuka milima likatufikia. Ndiyo maana leo, kitenge kilipotobolewa na mende bila kuvaliwa hata siku moja, yule mama hakuhitaji maneno mengi. Alisema tu: mbwa wa bima hafukuzi nyani.