Kalunguyeye Bado Anafikiria Toleo la Tano

— Ngano inapita!

— Ipite huku, tumekaa.

— Ina meno hii.

— Ikituuma tutacheka.

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, simu zote za bondeni zililia kwa pamoja. Ulikuwa mwezi wa tatu wa kiangazi. Visima vilikuwa vimekauka, na maji yalibaki mahali pamoja tu, kwenye kivuko cha mto. Ujumbe ulikuwa mfupi:

"Kuanzia Jumatatu ijayo, zamu za kunywa maji zitatangazwa kwenye toleo la tano peke yake. Simu za matoleo ya nyuma hazitapokea tangazo. Ahsanteni. Uongozi wa Kivuko."

Uongozi wa Kivuko ulikuwa Kiboko. Duka la simu pale kivukoni lilikuwa la Kiboko. Na ukienda kunywa nje ya zamu yako, aliyekupigia mwayo usoni, aaaah, meno yote nje, alikuwa Kiboko yuleyule.

Kalunguyeye aliusoma ujumbe mara mbili. Simu yake ilikuwa toleo la pili. Kioo kilikuwa na ufa kutoka pembe hadi pembe. Mfuniko wa nyuma ulishikiliwa na mpira. Spika iliganda kwenye sauti ya juu tangu mwaka juzi, kwa hiyo kila aliyempigia alisikika mpaka kwa majirani. Laini ilikwama ndani. Haikutoka kwa kucha wala kwa mwiba, na kwa miiba Kalunguyeye hakuwa na upungufu. Lakini simu ilipiga na ilipokea, na kila asubuhi ilimletea tangazo la maji. Alikuwa na watoto saba.

"Mama, tunachukua mpya?" aliuliza Sindano, binti yake wa kwanza.

"Nafikiria," akasema Kalunguyeye.

Wengine hawakufikiria. Toleo la tano halikuuzwa, lilibadilishwa. Ulitoa simu yako ya zamani, na juu yake ukaongeza shamba. Swala alitoa simu na shamba la kunde. Digidigi alitoa simu na shamba la mihogo. Kanga alitoa simu na shamba la mtama. Jua lilipopoa, Kiboko alitoka majini, chaka chaka chaka, akala kunde, akala mihogo, akala mtama, akarudi majini.

Kalunguyeye alikuwa na shamba moja la viazi vitamu. Akilitoa, watoto watakunywa lakini hawatakula. Akibaki nalo, watoto watakula lakini hawatakunywa.

Jumanne akaenda dukani.

Kiboko alikuwa ndani ya maji hadi kidevuni. Simu zilipangwa juu ya jiwe mbele yake.

"Karibu, Mama Sindano. Umekuja kuchukua?"

"Naangalia tu, Mzee."

"Angalia. Kuangalia ni bure, kwa leo."

Akalichukua toleo la tano kwa midomo, akaliachia mtoni, chubwi! Akazama, akaibuka nalo. Lilikuwa linawaka. "Simu yako inaweza hivyo?"

"Yangu ikiona wingu inazima."

"Haya, tabasamu."

Akampiga picha kwa pua, kacha! Kalunguyeye akaona miiba yake yote, mmoja mmoja, hata ule uliovunjika nyuma ya sikio. Hakuwahi kujiona hivyo. Simu ilikuwa nzuri. Hilo hakulikataa siku ile wala baadaye.

Ndipo simu yake ya zamani ikalia. Kriii! Kriii! Alikuwa dada yake, Da Mize, aliyeolewa Kilima cha Mawe, mwendo wa siku mbili kutoka bondeni. Da Mize hupiga kila siku saa nne, akishamaliza kufagia.

"Haloo, mdogo wangu! Mpo hai?" Sauti ikatoka kwa nguvu, ndege wakaruka kutoka matetini.

"Tupo, dada. Za huko?"

"Huku? Huku ni neema tupu! Imenyesha juzi. Majani yamenifika shingoni! Dimbwi limejaa, nimeoga na watoto wote tisa na nafasi imebaki!"

Da Mize hakusema uongo. Yeye ni kalunguyeye. Kalunguyeye ana shingo fupi, na wapo wanaosema hana kabisa. Dimbwi lenyewe mdogo wake alilijua: tembo alikanyaga pale mwaka wa mvua nyingi, akaendelea na safari.

Kiboko hakulijua. Masikio yake yakaanza kuzunguka, pepe, pepe, pepe. Kalunguyeye akayaona.

"Nani huyo?"

"Dada yangu mkubwa."

"Yuko wapi?"

"Ah, mbali, Mzee." Akaitia simu kwapani. "Basi mimi naenda. Bado nafikiria."

Njiani alitembea polepole. Alikuwa anayafikiria yale masikio.

Jumatano akarudi, saa nne kasoro dakika tano.

"Karibu, Mama Sindano. Umekuja kuchukua?"

"Naangalia tu, Mzee."

Kriii! Kriii!

"Dada, majani vipi leo?"

"Leo yamenipita kichwa! Shemeji yako amepotelea humo tangu asubuhi, namsikia tu anakoroma!"

Pepe, pepe, pepe. Kiboko akameza mate, glu. Shamba la mtama lilikuwa limekwisha.

"Huko kwa dada yako njia ni ipi?"

"Mpaka akuelekeze mwenyewe kwa simu, Mzee. Unafika mahali, unampigia, anakwambia kata kushoto. Unafika pengine, unampigia, anakwambia shuka bondeni. Kwetu ndivyo tunavyoelekezana."

"Nitajie namba."

Kalunguyeye akataja. Kiboko akapiga kwa toleo la tano. Tuuu, tuuu, tuuu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Tuuu, tuuu, tuuu. Haikupokelewa.

"Namba ngeni hapokei," akasema Kalunguyeye. "Anasema wanaopiga kwa namba ngeni ni matapeli watupu."

"Basi toa laini yako tuiweke humu kwangu."

"Imekwama."

"Lete." Kiboko akapuliza, fuuu. Akatikisa. Akajaribu kwa jino, na jino lilikuwa kubwa kuliko simu. Laini haikutoka.

Akairudisha. Halafu akasema, kama mtu ambaye neno limemponyoka tu, "Unajua, Mama Sindano, mimi nakuonea huruma. Una watoto. Chukua toleo la tano, niachie hiyo yako. Shamba baki nalo."

Hicho ndicho Kalunguyeye alichokuja kutafuta. Maji na viazi, vyote viwili, na mkono wa kuvipokea alikuwa ameshaunyoosha. Akageuka. Nyuma yake kwenye foleni alisimama Swala akisubiri zamu. Alikuwa na toleo la tano shingoni, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu. Pembeni yake Digidigi alikuwa anatafuna kamba ya kava.

Akaurudisha mkono.

"Acha nifikirie, Mzee."

"Ufikirie nini tena?"

"Ndiyo hivyo, nafikiria."

Usiku ule hakula vizuri. Kama Kiboko akibadili nia, zilibaki siku nne.

Alhamisi Kiboko alikuwa ametoka majini hadi magotini, anamsubiri. Foleni ilikuwa ndefu.

"Umekuja kuchukua?"

"Naangalia tu, Mzee."

Kriii! Kriii!

"Mdogo wangu, dimbwi linafurika! Nilikuwa naenda kwa jirani, nimeshindwa kuvuka!"

Pepe, pepe, pepe.

"Toleo la tano," akasema Kiboko, "na shamba la kunde la Swala."

"Nafikiria."

"Na la mihogo."

"Nafikiria."

"Na la mtama! Na mengine yote niliyochukua, wagawie wenyewe. Mwanamke wewe, unafikiria nini?"

"Nafikiria nikwambie ukweli, Mzee, usije ukanilaumu. Simu hii ni mbovu. Kioo kimepasuka. Chaji haikai. Spika haishuki. Na dada yangu ana mazoea ya kukuza mambo."

Kiboko akacheka, ho, ho, ho, maji yakawarukia waliokuwa mbele. "Mnamsikia? Mimi nimekaa na simu miaka yote hii. Anayetaka kuniachia simu yake huisifu. Hata iliyoliwa na mchwa huisifu. Wa kuiponda simu yake ni yule asiyetaka kuitoa!" Akaigeukia foleni yote. "Muwe mashahidi. Mashamba yenu yamerudi, simu nimechukua. Imekwisha! Hakuna kurudishiana!"

Maneno hayo aliyasema yeye, na waliyasikia wanyama kumi na wanane.

Kabla ya kuitoa, Kalunguyeye aliomba apige mara moja.

"Dada, kuna mgeni atakupigia kwa namba hii. Mwelekeze taratibu. Mpokee kama shemeji."

"Mnene?"

"Ana mwili kidogo."

"Aje tu. Mgeni hamalizi majani."

Akaipangusa simu kwa tumbo, akaishika kitambo, akampa.

Kiboko aliondoka Alhamisi hiyohiyo saa sita mchana. Simu ilining'inia sikioni kwa ukindu. Alikanyaga, du, du, du, na kwa sababu ya ile spika, bonde zima lilisikia safari.

"Haloo! Nimefika kwenye mti uliopigwa radi."

"Kata kushoto, shemeji!"

"Haloo! Nimefika kwenye kichuguu chenye vichwa viwili."

"Umepita kidogo, shemeji, rudi! Umekula?"

"Bado."

"Masikini. Kaza mwendo, nimekuwekea!"

Baada ya hapo sauti zilikuwa mbali. Yaliyofuata yanatoka kwa korongo wawili waliopita juu ya Kilima cha Mawe Jumamosi mchana, na waliulizwa kila mmoja peke yake.

Wanasema Kiboko alisimama juu ya kilima, akatazama huku na huku, akapiga simu.

"Haloo. Nimefika kwenye kidimbwi kidogo. Sasa nielekee wapi?"

"Si ndipo hapo, shemeji!" Da Mize alikuwa chini ya kidevu chake, anaongea kwenye simu na anampungia mkono. "Karibu! Angalia usiwakanyage watoto. Jisikie nyumbani, ingia uoge."

Korongo wa kwanza anasema Kiboko aliingiza mguu mmoja, maji yote yakatoka. Korongo wa pili anasema maji yalibaki kidogo. Wote wawili wanakubaliana kwamba Da Mize hakukasirika. Alimletea sahani ya panzi wa kukaanga, akamwomba radhi kwamba siku hizi si kama zamani. Watoto tisa wakapanda mgongoni kwa mgeni wakateleza, wakapanda wakateleza. Kiboko alikuwa amechoka mno, hakuweza kukataa. Akalala. Kivuli chake kilifunika nyumba nzima, na Da Mize akasema kwa miaka aliyoishi kilimani hapo hajawahi kupata mgeni mwenye manufaa kama huyo.

Jumapili saa nne Kalunguyeye alikaa mlangoni na toleo la tano, akangoja. Halikulia. Akakumbuka. Akapiga yeye. Tuuu, tuuu, tuuu. Haikupokelewa. Akapiga tena. Tuuu, tuuu, tuuu. Simu ilikuwa nzuri, kioo kinang'aa, na dada hapokei.

"Mama, simu mpya haifanyi kazi?" akauliza Sindano.

"Inafanya, mwanangu. Tatizo haijulikani."

Akafikiria. Halafu akapiga namba yake mwenyewe ya zamani.

"Haloo," ikajibu sauti nzito.

"Shikamoo, Mzee."

Palisikika mtoto akiteleza, suuu.

"Marahaba," akasema Kiboko.

"Umeamkaje?"

"Usiniulize nimeamkaje, Mama Sindano."

"Basi samahani, Mzee. Hebu nipe dada."

Akasikika akivuta pumzi kwa muda mrefu. Kisha: "Bi Mize! Simu yako. Usinipande sikioni, njoo huku mbele."

Waliongea mpaka chaji ikaisha. Upande wa kule.

— Funzo lake?

— Funzo ni hili: toleo jipya likitoka, chukua siku hiyohiyo. Usifikirie.

— Ah! Si yeye amefikiria siku tatu?

— Ndiyo nasema. Angechukua Jumanne, ngano ingekuwa fupi na chai yenu isingepoa.

— Na mkweli je? Aliyesema simu ni mbovu?

— Ukweli usiuseme ovyo. Mmeona ulivyomfikisha mwenzenu kilimani.

— Haya. Ngano imefika wapi?

— Imepita, ilikuwa na haraka. Aliyeikuta njiani amsaidie mwenzake kuibeba.

— Na maji?

Jumatatu, saa tatu asubuhi, Kalunguyeye na watoto wake saba walifika kivukoni. Swala alikuwa anakunywa. Akawasogezea nafasi, wakanywa.