Bei ya Ndege Haimo Ndegeni

Bei ya ndege haimo ndegeni. Ndivyo alivyowajibu mweka hazina wa kwaya mlipompelekea bei ya kinanda, nanyi mkatoka mmenuna, mkaja kwangu kuuliza ni ndege gani huyo na kwenye kinanda ameingiaje. Haya, ketini. Wewe mwenye soksi za njano, usiikalie hiyo redio, ina mwenyewe. Maneno hayo hayakutoka kwa wahenga msiowajua. Yametoka hapa hapa Mbinga, na nusu yake yametoka juu ya meza hii yangu ya ufundi. Kwa hiyo nisikilizeni mimi, msiwasikilize wanaosema yalikuja na basi la Songea. Methali hii ilianza hivi.

Palikuwa na binti anaitwa Kandida Ndunguru, muuzaji katika duka la mbegu na mbolea pale stendi. Alikuwa anaishi na bibi yake mzaa mama, Bibi Skolastika, ambaye wote tulimwita Bibi Skola. Huyu bibi alikuwa na shamba la ngoro kule Lukiti, ng'ambo ya bonde, alilolilima na marehemu mumewe tangu alipoolewa. Nyie wa siku hizi ngoro mnaziona mkipita barabarani tu, kwa hiyo nitawaeleza. Mwanaume analaza nyasi chini mirabamiraba. Mwanamke anafuata na jembe, anazifunika kwa udongo, na katikati ya kila mraba linabaki shimo. Mlima mzima unakuwa mashimo, mvua inyeshe inavyotaka, udongo haushuki bondeni. Ni kazi ya watu wawili, mmoja haiwezi.

Magoti yalipomshinda, Bibi Skola alihamia mjini kwa Kandida, na shamba akamwachia mwanawe Eusebi. Kila baada ya mavuno Eusebi alikuja na gunia la maharage kwenye pikipiki ya kukodi. "Ya shambani kwako, mama," anasema. Bibi anapokea, anashukuru, anampikia, wanakaa wanaongea mpaka jioni. Miaka mitano ilikwenda hivyo.

Lakini Bibi alikuwa na hamu moja tu iliyobaki, kuliona shamba lake. Alikuwa na miaka themanini na mmoja. Njia ya Lukiti haipitiki hata kwa pikipiki, na kubebwa alikataa, alisema yeye bado hajawa jeneza. Kandida akajitolea kwenda kumpigia picha. Bibi akamwambia, "Picha inaangalia alikotaka mpigaji, mjukuu wangu. Mimi nataka niangalie ninakotaka mwenyewe."

Neno hilo lilimwingia Kandida. Ndipo akaona kwenye simu watu wanaunda vindege vidogo vyenye kamera. Mtu anavaa miwani mikubwa, na kila kinachoonwa na kile kindege naye anakiona hapo hapo, kama amekaa kwenye paji la uso la kindege chenyewe. Akaenda kwa Bibi akamwahidi, "Nitakupandisha Lukiti ukiwa umekaa kwenye kiti."

"Lini?"

"Kabla ya Pasaka."

Hakusema Pasaka ipi, na ilikuwa busara.

Akaja hapa na karatasi. Imeandikwa vizuri, mwandiko wa dukani: fremu, mota nne, bodi ya kuongozea, kamera, betri, miwani. Chini amepigia jumla mistari miwili. "Babu Alban," akaniambia, "ndege yote ni hii."

Nikamuuliza, "Na hizo nyaya utazigandisha kwa mate?"

Hakuwa na chuma cha kulehemu. Nikamwazima changu, akakiunguza ncha siku ya tatu, tukanunua ncha nyingine. Ikaonekana ndege haiendi bila rimoti, na rimoti haimo kwenye karatasi. Ikaonekana betri ile haikubali chaja ya simu, inataka chaja yake yenyewe. Kisha mapangaboi, yale yanayozunguka kuinua ndege. Alikuwa amenunua manne kamili, kwa sababu mota ni nne. Sikumwambia kitu. Nilitaka nione.

Nikaona. Siku alipounga betri kwa mara ya kwanza, juu ya meza hii, mapangaboi alikuwa ameshayafunga. Kidude kikaruka chenyewe, kikachana pazia langu, kikagonga dari, kikatua juu ya redio ya katekista. Tazameni juu pale, alama ile ndiyo yenyewe. Mapangaboi yote manne yakawa vipande. Kandida alikuwa chini ya meza. Nikamsikia kutoka huko anasema, "Babu, si neno. Ndege ninayo. Kilichobaki ni kidogo."

Neno hilo nililisikia mwaka mzima. Kikavunjika mkono wa fremu, kilichobaki ni kidogo. Akaambiwa chombo cha kuruka kinataka kibali, akaandika barua, akapiga picha za pasipoti, akangoja miezi, kilichobaki ni kidogo. Jumamosi alikwenda kuchuma kahawa kwa watu apate cha kuongezea. Binti aliyekuwa hapitishi wiki mbili bila kusuka alikaa na mabutu miezi sita. Pasaka ya kwanza ikapita. Kila jioni Bibi anamuuliza, "Tumefika wapi?" naye anajibu, "Tumefika Lukiti mlangoni, Bibi."

Nilimpenda sana binti yule. Sikumwambia, maana angekuja kuazima vitu zaidi.

Sasa hapo katikati ikatokea ya betri. Mnajua jikoni kwetu juu ya mafiga kuna dari, ambako mbegu inakaa ndani ya moshi ili wadudu wasiifikie wala unyevu usiioze. Kitu cha thamani kinachoogopa baridi kinakaa huko. Bibi Skola alisikia betri ni ghali na haipendi unyevu. Julai ilikuwa imeingia, mnajua Julai ya Mbinga ilivyo. Akamhurumia mjukuu wake. Akaifunga ile betri kwenye kitambaa safi akaiweka darini, kando ya kibuyu chake cha mbegu, na moto ukawaka chini yake wiki nzima.

Kandida alipoishusha ilikuwa imevimba kama andazi. Tungeiunga ile ingeunguza nyumba. Akaja nayo hapa kwenye ndoo ya mchanga, ameishika mbali na mwili, na machozi yanamtoka. Nikamuuliza amemwambia nini Bibi. Akasema, "Nimemwambia ahsante." Nikajifanya natafuta bisibisi. Akavuta pumzi akaniambia, "Kilichobaki ni kidogo, Babu," lakini safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Betri ya pili tulinunua nusu kwa nusu, na msiulize zaidi.

Ndege ikaruka. Akajifunza kule uwanja wa mpira, akaiangusha mara nyingi kuliko nilivyohesabu, mpaka ikaanza kumtii. Ndipo tukagundua la mwisho, nalo wote wawili hatukuwa tumeliwaza. Miwani ni moja. Akiivaa Bibi, rubani ni kipofu. Akiivaa rubani, Bibi amekuja kufanya nini? Nikafungua kabati nikatoa kioo kidogo nilichong'oa kwenye gari bovu, kile cha umeme, kama televisheni ndogo, kinachomwonyesha dereva akirudi nyuma. Tukakiunga na kipokezi cha picha, Kandida akawa anaongoza kwa kuangalia kioo, na miwani ikabaki ya Bibi.

Ikafika siku. Pasaka ya pili ilikuwa imebakiza majuma matatu. Tukampakia Bibi kwenye gari mpaka ukingo wa barabara unaotazamana na Lukiti, bonde likiwa katikati. Tukampangia kiti, tukamfunga blanketi miguuni. Eusebi naye alikuja, na tangu asubuhi alikuwa hatulii. Mara upepo mkali, mama. Mara mawingu, tungekuja wiki ijayo. Mara hiyo miwani itakuumiza kichwa. Bibi akamwambia, "Eusebi, kaa." Akakaa kwenye jiwe.

Kandida akamwambia Bibi betri ni ya dakika tano tu. Akamvisha miwani. Kidude kikalia kama nyuki waliochokozwa, kikapaa, kikavuka bonde.

Bibi alishika mikono ya kiti. Kwanza alicheka, kicheko cha msichana. "Huo ni mto. Ule ni mparachichi wa kina Hyera, bado upo. Panda, Kandida, panda, fuata mgongo wa mlima. Kushoto. Hapo. Shuka kidogo."

Mimi nilikuwa nyuma ya Kandida, naangalia kioo. Hapakuwa na ngoro. Palikuwa na magugu marefu kuliko mtu, na vichaka, ubavu mzima wa mlima. Hakuna aliyelima pale miaka mingi. Nikamtazama Eusebi. Alikuwa ameinamisha kichwa, anachora udongo kwa kijiti, mtu mzima wa miaka hamsini.

Kandida naye aliona, akataka kuigeuza ndege. Bibi akasema, "Acha, usinigeuze. Nimekwambia naangalia ninakotaka." Akaangalia. Kisha, akiwa bado na miwani usoni, akaita.

"Eusebi."

"Naam, mama."

"Maharage sokoni siku hizi yanauzwaje?"

Eusebi alikiweka kijiti chini. Halafu akajibu taratibu, "Yamepanda, mama."

"Najua yamepanda."

"Oliva alipofariki nilijaribu peke yangu," Eusebi akasema. Oliva alikuwa mkewe. "Nyasi nalaza, nani wa kufunika? Nikaona nikikwambia limekufa, na wewe utakufa. Nisamehe, mama."

"Nilijua tangu gunia la kwanza," Bibi akasema. "Kibuyu changu cha mbegu kiko darini. Maharage yangu yana jicho jekundu. Ya kwako hayana jicho."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kuja."

Eusebi akalia. Hakujificha. Bibi akanyoosha mkono hewani, maana hakumwona kwa ile miwani, naye akausogelea akaushika. Ndipo Bibi akayasema hayo mliyokuja kuyauliza. "Huyu mtoto aliniambia ndege ni rahisi, imeandikwa kwenye karatasi. Nimemtazama anailipa mwaka na nusu, nywele hazijasukwa, usingizi haujalalwa. Bei ya ndege haimo ndegeni. Na wewe mwanangu, gunia lako nalo bei yake haikuwa guniani. Miaka yote hii unalipa na mimi nakula kimya. Nami nililipa, kwa kukaa na neno mdomoni."

Hapo rimoti ikaanza kulia. Tulikuwa tumesahau dakika tano. Kandida akajaribu kuirudisha, haikufika, akaitua ilipokuwa, katikati ya magugu ya Lukiti. Akaanza kusema kilichobaki ni kidogo, akakuta hana nguvu ya kumaliza.

"Twende, mjomba," akamwambia Eusebi. Wakateremka bondeni na panga, wakapanda upande wa pili. Mimi na Bibi tukabaki. Nilimvua miwani, nikamfuta uso, nikamwambia pole kwa shamba. Yeye alikuwa anawatazama wawili wale wanapanda, wadogo kama siafu.

Walirudi baada ya saa mbili, wamechanika mikono, Kandida ameikumbatia ndege kama mtoto mchanga. Eusebi anachechemea, suruali ina tope mpaka gotini. Bibi akauliza amefanya nini.

"Nimetumbukia, mama. Naikimbilia ndege, mguu ukazama mpaka goti. Nikafikiri ni shimo la mnyama." Akapangusa jasho. "Ni ngoro. Nimefyeka kidogo nikaona ya pili, na ya tatu. Zimefunikwa tu na magugu. Mashimo yote yapo."

Bibi Skola akacheka mpaka akakohoa. "Yapo?"

"Yapo, mama. Yamekaa vile vile mlivyoyaacha wewe na baba."

"Basi," Bibi akasema, "nirudisheni nyumbani nikashushe kibuyu."

Hawakungoja. Wiki ile ile, udongo ukiwa bado laini, Eusebi alifyeka na kulaza nyasi, na Kandida akamfuata na jembe, siku zake zote za mapumziko. Walifufua safu tatu tu, si mlima mzima, msije mkanizushia. Mavuno yalijaa debe moja na kidogo. Yale yalikuwa na jicho jekundu, mimi nimeyala, na sijala mengine mfano wake.

Ila siku ninayoikumbuka zaidi ni Jumapili moja baada ya mavuno. Nilikuwa kwa Bibi narekebisha swichi. Eusebi akaingia mikono mitupu, hana gunia, hana hata kifuko. Akasema, "Shikamoo mama, nimekuja tu." Bibi akainuka na magoti yake yale, akaenda kuinjika sufuria.

Basi wanakwaya, mweka hazina wenu hakuwanyima. Kinanda cha kwanza mlikipata siku moja, kwa fedha taslimu, na leo kiko stoo ya kanisa kimefunikwa kitenge na panya wamekula nyaya zake, kwa sababu hakuna hata mmoja wenu aliyekubali kuja Jumanne na Alhamisi kujifunza kukipiga. Nendeni mkamwambie nani atakuja. Akisikia majina, fedha ataitoa. Na ukitoka, wewe wa soksi za njano, irudishe redio mahali pake. Bei ya ndege haimo ndegeni.