Fundi Nyati na Nyumba ya Bi Sange

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata nyanya yangu aliikuta imekwisha, wanyama walikaa majumbani kama sisi, wakifagia nyua zao na kuulizana habari za asubuhi. Kaeni vizuri. Wewe wa nyuma, toa kidole puani.

Palikuwa na Bi Sange. Mnamjua sange? Yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza. Alikuwa mjane, ana watoto wachanga na kibanda kimoja cha udongo. Siku moja Nyati akapita njia ya mkato, puu! Kuta zote chini. Kesho yake akaja Tembo, akaziona nyasi za paa, akazila, akajifuta mdomo akaenda zake. Samahani hakusema hata mmoja.

Na masika yalikuwa yanabisha hodi. Bi Sange aliwatazama wanawe wamejibanza chini ya jani la mgomba, roho ikamuuma, akaapa kwamba mvua ile haitawanyeshea. Boriti hawezi kuinua, na angewaomba wale wawili wangemcheka. Akafikiri weee, kisha akajifunga kanga kiunoni, akaenda kwa Nyati.

"Shikamoo, fundi," akasema.

Nyati akageuka kutazama nani anaamkiwa nyuma yake. Kuogopwa alikuwa amezoea, kuitwa fundi bado. "Mimi? Fundi wa nini?"

"Hapo sasa," akasema Bi Sange. "Neno hili halipendi kutembea peke yake. Kuna fundi cherehani, kuna fundi viatu, kuna fundi saa. Kwa kwato hizo, mimi nilidhani wewe ni fundi wa kuta."

Nyati akazitazama kwato zake kama ndiyo kwanza anaziona. Akaamuru kwamba tangu leo wote wamwite hivyo. Bi Sange akamweleza taratibu kwamba ufundi mtu hajipachiki. Anayefanyiwa kazi ndiye huanza kumwita, na wengine hufuata. Yeye kibanda cha kujengwa anacho, ila ni kidogo mno, huenda Bwana Nyati akaona haya.

"Haya za nini?" Nyati akasema. "Udongo uko wapi?"

Basi Bi Sange na wanawe wakafunga fito, na Nyati, chapa chapa chapa, akakanyaga udongo mpaka ukalainika, akaukandika kwa pua yake mwenyewe. Kila apitaye akasema, "Pole na kazi, fundi!" Naye anaitikia huku kifua kimemjaa.

Tembo akasikia, wivu ukamkaba. Akaja polepole akauliza kama kuna ufundi uliobaki. Bi Sange akasema labda wa paa, lakini paa linataka mtu asiyekula nyasi kazini. Tembo akaapa. Akapandisha boriti, akaezeka, mate yanamdondoka, wala hakuonja hata unyasi mmoja.

Nyumba ikaisha, wingu limetanda, majirani wamekuja kutazama. Mara Nyati akasema udongo ni wake, kwa hiyo atalala humo. Tembo akasema paa ni lake. Wakamwambia Bi Sange akatafute shimo.

Bi Sange alisimama kizingitini na wanawe nyuma yake, hakurudi hata hatua.

"Kwanza semeni mbele ya watu," akasema. "Nyinyi hapa ni nani?"

"Mafundi!" wakajibu pamoja.

"Majirani, mmewahi kuona fundi cherehani anamaliza kanzu ya mtu, halafu anaivaa yeye?"

Majirani wakacheka mpaka wakashikana.

"Fundi hufanya kazi, akaaga," akasema Bi Sange. "Atakayelala humu ni mwenye nyumba, na ufundi auache hapa mlangoni. Chagueni."

Nyati akatazama nyumba, akatazama watu. Papo hapo Kobe akaita kutoka nyuma, "Fundi, na kwangu ukuta una ufa, utakuja lini?" Nyati akasikia utamu wa jina mpaka mkiani. Akakohoa, akasema mafundi hawana shida na vibanda vya watu. Tembo akaunga mkono haraka, asije akabaki bila cheo.

Bi Sange akawaingiza wanawe, akafunga mlango. Mvua ikaanguka, shaaa! Ndani hakuna aliyelowa.

Nje walisimama wawili, maji yanawachuruzika.

"Fundi," akasema Nyati, "hivi sisi tumefanywaje?"

"Sijui, fundi," akajibu Tembo.

Nanyi wanangu, mtu akikupa cheo kitamu, muulize kwanza kina kazi gani.