Bosi Getini Alfajiri

Bwana Lugendo, mkurugenzi wa kiwanda cha sabuni, alimwita Chiku, afisa mawasiliano wake.

“Kuanzia Jumatatu kazi itaanza saa kumi na moja alfajiri. Watangazie. Nikisikia manung'uniko, utafute kazi kwingine.”

“Sawa, bosi. Ila matangazo yangu watu hufungia maandazi. Hata mimi nikiyasoma nasinzia. Ukisimama karibu nami, watasikiliza.”

Lugendo alikubali kwa furaha. Wafanyakazi walipokusanyika, Chiku alitangaza saa mpya, kisha akaongeza, “Na bosi mwenyewe atatupokea getini kila alfajiri. Tusipomkuta, turudi tukalale.”

Makofi yalirindima. Lugendo, aliyezoea kufika saa nne, akabaki kupunga mkono.

Jioni alimwita Chiku. “Waambie tumeahirisha.”

Chiku alibandika tangazo, na kwa mara ya kwanza maandishi yake yakasomwa mpaka nukta ya mwisho.