Mwalimu Aliyetema Mchuzi

Wapendwa, nisikilizeni, maana mfano huu nimeubeba tangu Jumatatu na siwezi kuunyamazia tena!

Palikuwa na mwalimu mmoja mstaafu, mtu wa Moshi. Maisha yake yote alikula ndizi, nyama na maziwa. Pilipili aliiona sokoni tu, akapita mbali. Binti yake wa pekee akaposwa na kijana wa Kihindi, Mkristo mwenzetu, mwimbaji wa kwaya. Siku ya wazazi kukutana, mama wa kijana alipika tangu alfajiri. Mwalimu akatia tonge moja mdomoni. Ndugu zangu, moto! Macho machozi, pua maji, masikio yanavuma. Akautema mchuzi kwenye leso mbele ya watu wote, akafoka, "Hiki ni chakula au adhabu?"

Yule mama akaweka upawa chini. Njiani kurudi, binti akamwambia baba yake, "Baba, hukutema mchuzi. Umemtema mama ambaye nami nataka kumwita mama."

Neno lile likamkaa mzee kooni kuliko pilipili yenyewe. Jumamosi akaingia kwenye hoteli ndogo ya Kihindi karibu na soko, akamwambia mpishi, "Mwanangu, nifundishe kula."

Mpishi akacheka, akamletea mchuzi wa dengu. Ukamchoma, akarukia maji.

"Acha maji, mzee! Maji yanausambaza moto. Kunywa mtindi, tafuna polepole, halafu ngoja."

Akangoja. Jumamosi ya kwanza, machozi. Ya pili, machozi. Ya tatu akalowa jasho shati zima, lakini sahani akaimaliza! Na ya tano, wapendwa, ulimi ukafunguka! Nyuma ya ule moto akaikuta iliki, akaikuta tangawizi, akaukuta ukwaju, vitu vilivyokuwemo siku zote vikimsubiri. Akapiga meza, watu wote wakageuka. "Kumbe! Kumbe humu ndani mlikuwa na chakula!"

Akampigia simu yule mama, akaomba msamaha, akaomba kualikwa tena. Siku ikafika, akaenda mbio mbio, njaa inamuuma. Sufuria ikafunuliwa. Mnadhani aliona nini? Mtori! Mtori laini wa ndizi, usio na hata punje ya pilipili.

"Mama, ule mchuzi wako uko wapi?"

"Nimejifunza cha kwenu, Baba. Wiki tano hizi binti yako ananifundisha. Niliogopa utakimbia tena."

Mwalimu akafunika uso kwa mikono, akalia, na safari hii hapakuwa na pilipili ya kusingizia.

Sasa sisi je? Sisi tunaomwonja mtu mara moja na kumaliza hukumu? Jirani yule mkali, mkwe huyu hafai, wale wa kabila lile hawaliki. Kwa tonge moja! Na huku tumeshamtema, hatujui kwamba mwenzetu yuko jikoni anahangaika kujifunza chakula chetu. Hivi tutamjibu nini Mungu aliyetuweka meza moja?

Kila mmoja wetu anaye wake, na jina lake limeshakujia kichwani sasa hivi. Basi tukitoka hapa, usimpelekee hotuba. Nenda kwake na njaa yako, bisha hodi, kaa. Chochote atakachokupakulia, kula!