Pimbi na Benchi la Wakubwa

Hapo zamani za kale, na asiniulize mtu zamani gani, mimi mwenyewe nilikuwepo! Nilisimama pale kwenye kona ya uwanja, karibu na kibendera, karibu kiasi kwamba Tembo alipopiga chafya nilirushwa hadi wilaya ya pili, nikarudi kwa miguu na filimbi ya mwisho haijalia. We Kidawa, unacheka nini? Mimi shule niliishia darasa la nne, la tano nililichungulia dirishani tu, lakini macho yangu haya yana digrii.

Sasa sikilizeni. Wakati huo wanyama walikuwa na vyuo. Kulikuwa na Chuo cha Nyikani na Chuo cha Mtoni, na kiangazi kikikaza, katikati yao linabaki dimbwi moja la maji. Moja tu! Basi kila mwaka vyuo vile vinacheza mpira. Anayeshinda anakunywa asubuhi, maji yakiwa safi mpaka unaona sura yako na ya babu yako. Anayeshindwa anakunywa jioni, wenzake wameshaoga humo, wameshafua, na viboko wameshafanya mambo yao. Tope! Wakitoka sare, aliyeshinda mara iliyopita anabaki na asubuhi yake.

Na mara iliyopita walishinda Mtoni.

Basi Nyikani wakanywa tope. Wakubwa wakitangulia kunywa, wadogo wanakuta nini? Wanalamba. Dada yake Pimbi alilamba lile tope hadi ulimi ukaota ukoko. Akiongea husikii neno, unasikia chakacha, chakacha.

Pimbi mnamjua? Yule mfupi wa kwenye mawe, mnene kama andazi, hana hata mkia wa kufukuzia nzi. Naye alikuwa mchezaji wa Nyikani. Mchezaji jina, lakini!

Maana timu ya Nyikani ilikuwa ya majitu. Golini Tembo, akishasimama, goli lenyewe hulioni. Mbele Twiga, mpira ukipita juu ya mawingu anaufunga kwa kichwa. Katikati Nyumbu, ukoo mzima. Nahodha alikuwa Nyati, kifua kama mlango wa ghala. Wadogo kina Pimbi, Digidigi, Kanga na Kakakuona kazi yao kusugua benchi. Waliling'arisha lile benchi mpaka ukitaka kuchana nywele unajitazama humo.

"Kocha, leo naingia?" Pimbi aliuliza kila siku.

"Utaingia," alijibu Kocha Ngiri. "Utaingia jikoni, ulete maji."

Nyati akawa anacheka, hoo hoo hoo! "Benchi ni la mayai! Makalio haya hayajagusa benchi tangu mama anizae!"

Haya. Mechi imekaribia, uwanja umefagiliwa, mara balaa likaanza.

Twiga aliruka kupiga kichwa mazoezini, akapitiliza mpira, akapiga mgunga. Kacha! Shingo ikapinda, akawa anatazama alikotoka.

"Mwacheni," akasema Kocha Ngiri. "Bado tuna Nyumbu."

Nyumbu mmoja akateleza, akatumbukia korongoni, pu! Wenzake wakamwona anatumbukia. Wakafanya nini? Si mnawajua? Wakamfuata! Pu! Pu! Pu! Kiungo chote kikalala korongoni kinaulizana, "Tumefuata nini huku?"

"Bado tuna Tembo!" Kocha Ngiri akapiga kelele.

Tembo akakanyaga mwiba. Mguu ukavimba hadi ukawa mnene kuliko yeye.

Nyati kusikia hivyo akapandwa na hasira, akapiga teke mwamba wa goli. Paa! Mwamba ukapona. Goti la Nyati halikupona.

Kocha Ngiri akatimua mbio, mkia wima kama antena. Akafika mbali, akasimama, akasahau alikuwa anakimbilia nini. Akarudi. Akakumbuka. Akatimua tena! Alikwenda na kurudi hivyo mpaka akachimba mtaro.

"Tumekwisha! Nakwenda kuwaambia Mtoni wachukue maji yao, hatuchezi!"

"Shikamoo Kocha," akasema Pimbi.

"Marahaba. Huoni nakimbia?"

"Sisi tupo, Kocha. Tu wazima."

"Nyinyi?" Ngiri akawatazama. Kanga anajikuna. Digidigi anatetemeka, na yeye hutetemeka hata akiwa na furaha. Kakakuona amejiviringisha, kalala. "Nyinyi ni timu au ni kitoweo?"

"Kocha, dimbwini mimi hunywa mbele ya pua ya Mamba. Unajua kwa nini hanili?"

Huyo Mamba ndiye alikuwa kocha wa Mtoni.

"Kwa sababu huna nyama."

"Kwa sababu anasubiri mkubwa! Vidogo anaviacha vipite. Analala kama gogo, jicho moja, anasubiri pundamilia, anasubiri nyati. Ndivyo alivyolelewa, hajui kazi nyingine. Sasa tumwonyeshe wakubwa, halafu wasije."

Ngiri akataka kukimbia, akasahau, akabaki pale pale. "Wakubwa wenyewe hawasimami, Pimbi!"

"Kwani benchi linataka mtu asimame?"

Wakaenda wote nyumbani kwa Nyati. Wakamkuta kajilaza mkekani, mama yake anamkanda goti kwa maji ya moto, na mtoto wa watu mkubwa vile analia, "Uwii! Polepole mama!"

Pimbi akaeleza shauri lake. Nyati akainua kichwa, pua zikatoa moshi. Kweli kabisa, moshi! Nilikohoa.

"Mimi? Benchi? Chini ya pimbi? Toka nje kabla sijakukanyaga!"

"Inuka basi unikanyage, kaka."

Nyati akainuka. Kacha! Akarudi chini, tifu, nyumba ikahama hatua mbili.

Mama Nyati akakamua kitambaa, akakirudisha kwenye maji.

"Mwanangu," akasema, "lile tope ulilinywa wewe peke yako? Na mimi nililinywa. Uzee huu, natafuna maji! Kama kuna benchi la kunitoa huko, kalikalie."

Nyati akatazama ukutani, kisha akasema, "Mnitafutie shuka la kufunika hili goti."

Siku ya mechi, umande haujakauka, wadogo wakawasukuma majeruhi mpaka uwanjani. Hee, hup! Hee, hup! Nyati wakamketisha benchini, shuka gotini. Mguu wa Tembo wakaufukia kwenye majani makavu. Twiga wakamfunga shingo kwenye mti nyuma ya benchi ikanyooka, akaonekana ana maringo kama bwana harusi. Nyumbu wakapangwa mstari, wakaambiwa, "Mmoja akilia, wengine msifuate!"

Mtoni wakafika. Viboko, kenge, chura mmoja mwenye majivuno, na kocha wao Mamba, tumbo linaburuza. Mamba akatazama uwanjani, akaona Kanga, Digidigi, Kakakuona golini. Akatazama benchi.

"Eh! Eh! Pimbi! Ni nini hiki?"

"Shikamoo Kocha Mamba."

"Marahaba. Nyati mbona yuko nje?"

"Ah, yule? Yule wa akiba."

"Na Tembo?"

"Akiba pia. Mwaka huu tumesajili vizuri mpaka nafasi hamna. Hawa wataingia baadaye, nyinyi mkishachoka kidogo. Tumeona tukianza nao tutaua mtu, halafu mazishi ni gharama."

Mamba akameza mate, glugu! Akamvuta Kiboko, nahodha wake, pembeni. Mimi nilikuwa chini ya ndevu zake nasikia kila neno. Ndiyo, mamba ana ndevu, wewe ulishawahi kumkaribia?

"Vidogo viacheni vipite," akanong'ona. "Msivifukuze, mtamaliza pumzi. Kaeni golini wote, mlale kama magogo. Yule mkubwa akikanyaga chaki tu, ndipo mmrukie wote. Wote! Mmemsikia kocha wenu?"

"Ndiyo, Kocha."

Korongo, yule ndege wa miguu mirefu, ndiye mwamuzi, akapuliza filimbi. Piiii!

Jamani, mpira ule! Kanga anampa Digidigi, Digidigi anampa Pimbi, Pimbi anarudisha kwa Kanga. Chenga, kanzu, tobo! Mtoni hawasogei. Lakini golini kwao kuna ukuta wa viboko huwezi kupitisha hata sindano. Wakipiga, puf, mpira unagota tumboni mwa kiboko, unarudi. Wakipiga tena, puf!

Benchini Nyati hatulii. Anajigeuza huku, anajigeuza kule. "Piga chini! Chini, Kanga! Loo!" Benchi linalia kwi, kwi. Kumbe benchi ni kazi ngumu kuliko uwanja! Uwanjani unakimbiza mpira; benchini unakimbizwa na roho yako.

Kiboko naye uvumilivu ukamwisha. "Nimechoka kulala!" Akachomoka na mpira, gudu gudu gudu, nyasi zinalala. Kakakuona kumwona tu akajiviringisha kwa woga, akawa duara. Kiboko akatazama: duara mbili. Akachagua kubwa. Buu! Kakakuona akapaa, akapita juu ya mwamba, akapotea.

"Goooli!" Mtoni wakashangilia.

"Goli gani?" Korongo akawauliza. "Huyo uliyempiga ni golikipa. Mpira huu hapa."

Mamba akawa mwekundu, na mamba kuwa mwekundu ni shughuli. "Kiboko! Nani kakutuma? Rudi ulale! Yule Nyati anatutazama tu, huoni? Anasubiri tuchoke!"

Na kweli Nyati alikuwa anatazama. Alikuwa anatazama jua. Jua lilikuwa linashuka, Korongo ameshaanza kuchungulia saa yake, na bado hamna goli. Sare! Na sare maana yake nini? We Masumbuko, sema. Tope! Ehe. Tope tena.

Pimbi akakimbia hadi kwenye mstari, anahema, andazi limelowa jasho.

"Kaka Nyati. Simama."

"Siwezi."

"Simama tu. Usitembee. Vua shuka, jinyooshe kama mtu anayepasha misuli."

"Pimbi, goti hili... nikisimama nitalia. Wataona."

"Basi usilie."

Nyati akamtazama. Mkubwa vile anamtazama mdogo vile. Akasaga meno, kri kri kri. Akainuka.

Ee bwana wee! Alipanda kama mlima unazaliwa! Goti linawaka moto, machozi yamefika kwenye kope, nayo kayazuia, na mdomoni kabandika tabasamu. Akajinyoosha kushoto. Akajinyoosha kulia. Na Tembo hapo akiwa amekaa akapuliza mkonga, paaaraaa! Chafya yenyewe ndiyo hiyo.

Pimbi akapiga ukunga, "Mwamuziii! Tunabadilishaaa! Nyati anaingiaaa!"

"Sasa!" Mamba akanguruma. "Mrukieni! Wote!"

Viboko wote, kenge wote, na golikipa wao ndani yake, na yule chura, wakavamia mstari kumzuia Nyati kabla hajaingia. Gudugudugudu! Ardhi inacheza. Goli likabaki wazi, kuna upepo tu na panzi mmoja.

Pimbi akageuka. "Digidigi! Nipe!"

Digidigi anatetemeka, lakini akampa. Pimbi akaupokea, akatazama goli tupu, akapiga kwa kile kiguu chake kama kijiko.

Mpira ukaenda polepole. Polepole! Ukapumzika. Ukaendelea. Panzi akasogea kuupisha.

Ukaingia.

"Gooooooli!"

Mamba akageuza kichwa, taya zimeachama, "Ha?" Na hapo hapo goti la Nyati likamwachia, akaanguka, tifu! Shuka huku, mwenyewe kule, analia kwa sauti sasa, "Uwii mama! Uwii!" Nyumbu kusikia wakaanza wote, "Uwii! Uwii!" Twiga akakata kamba, shingo ikarudi kutazama nyuma.

"Ni wagonjwa!" Mamba akapiga mkia chini. "Benchi zima ni hospitali! Mwamuzi, tumeibiwa!"

"Sheria inasema wachezaji wa akiba wakae benchini," akajibu Korongo. "Wamekaa. Haisemi wawe na magoti." Akapuliza filimbi. Piiii! Mpira umekwisha.

Alfajiri iliyofuata Nyikani walikwenda dimbwini. Dada yake Pimbi akanywa maji baridi, glu glu glu, akasema neno la kwanza kueleweka tangu mwaka jana: "Sogeeni, na mimi nataka tena." Mama Nyati akanawa uso mara tatu kwa raha tu. Na Nyati akaja akichechemea, akamwita Pimbi mbele ya watu wote, akavua kile kitambaa cha unahodha mkononi mwake, akamfunga yule mfupi shingoni, maana mkononi kilimzidi. Akamwambia, "Ndugu yangu, ahsante."

Na hadithi yangu inafundisha hivi: nguvu ya timu usiipime kwa wanaoanza, ipime kwa waliokaa nje.

Mbona unanitazama hivyo, Kidawa? Nini? Nyati yupi wa kusema ahsante... Haya. Haya basi! Nilikuwepo, dimbwi lilikuwepo, mpira ulipumzika njiani nikauona kwa macho haya. Lakini ile ya kitambaa na ahsante nimeitunga mimi. Nyati alikunywa maji yake, akafuta mdomo, akaenda zake. Hajasema mpaka leo.