Figili Isiyo na Mwenyewe

Wewe hapo, umewahi kusema umeshiba huku tumbo linanguruma? Usinijibu. Uso wako umekwisha kujibu.

Basi, hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na wakwe, majiko na bustani nyuma ya nyumba, kilikuwapo kijiji mlimani kilichotegemea mfereji mmoja. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake ya maji. Msimamizi wa mfereji alikuwa Nyati. Kila mtu alimwita Mwalimu, kwa sababu ndivyo alivyopenda.

Msimu huo Nyati akagawa mbegu za figili, akasimama akafundisha.

"Figili haihamishwi kama nyanya. Ipande pale pale itakapokulia. Ikiota, punguza miche, vidole vitatu kati ya mche na mche. Maji kidogo, lakini kila siku. Wiki ya nne ng'oa, ukichelewa utatafuna sifongo."

Hapo alikuwa sahihi, tusimnyime haki yake. Lakini akaongeza:

"Siku ya mavuno kila nyumba ilete kikapu. Atakayeshindwa na figili, mboga ya kujifunzia watoto, zamu yake ya maji atapewa anayejua kulima."

Figili zikaota. Majani yakasimama, kijani kibichi, mpaka wapita njia wakasifu.

Chini ya majani hayo aliishi Fuko. Mdogo, mwepesi, hana pembe wala aibu. Alipita chini ya matuta akiziguguna figili kutoka chini, kacha kacha kacha, akabakiza vijizizi, akashindilia udongo. Juu, majani yalisimama kama hakuna kilichotokea.

Siku tatu kabla ya mavuno, Nyati aling'oa figili moja aonje. Pwa. Majani, na kishina chembamba kama mkia wa panya. Akang'oa ya pili. Pwa.

Akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akayarudisha majani ardhini, akayamwagia maji yasinyauke, akaingia ndani akamwambia mkewe ana homa.

Jioni akabishiwa hodi na Ngiri.

"Shikamoo Mwalimu. Kuna jamaa yangu mmoja, humjui, figili zake zimetoa majani tu."

"Mwambie jamaa yako ametia samadi nyingi," akasema Nyati kutoka kitandani.

"Ehee. Samadi. Nitamwambia. Na zako?"

"Zangu zimenenepa mpaka zimepasua tuta."

"Hata zangu," akasema Ngiri haraka, akaaga.

Kesho yake akaja Tembo. Naye alikuwa na jamaa yake mmoja. Fuko, chini ya kizingiti, alijiziba mdomo kwa mikono miwili asicheke.

Wa mwisho alikuja Digidigi, mjane, Mama Nakijwa. Yeye hakuja na jamaa.

"Mwalimu, zangu hazina kitu. Nimekosea wapi?"

Jibu lilikuwa fupi: hata mimi sijui. Nyati akalimeza.

"Hukupunguza miche."

"Nilipunguza. Nilipima kwa vidole kama ulivyosema."

"Basi umepanda kivulini."

"Mwalimu, pale kwangu hakuna hata kichaka."

"Mama Nakijwa, unabishana na mimi?"

Digidigi akainamisha kichwa, akaenda zake.

Siku ya mavuno vikapu vikapangwa. Cha Ngiri kilifurika majani yaliyoficha kilicho chini. Cha Tembo vilevile. Cha Nyati kilikuwa kizito hata kishikio kikalia. Cha Digidigi kilikuwa bapa, na watoto wake watatu wamesimama nyuma yake wakikitazama.

Nyati hakuwatazama wale watoto.

"Sheria ni sheria. Zamu ya Mama Nakijwa itakwenda kwa Ngiri."

Ngiri akazikagua kwato zake kana kwamba ndiyo kwanza anaziona.

Huko chini, Fuko alishtuka. Tuta la Digidigi ndilo lililokuwa laini kuliko yote. Likikosa maji litakuwa jiwe, naye atachimba wapi? Puu! Udongo ukapasuka katikati ya baraza, Fuko akatokeza na figili mbili nono, nyekundu.

"Habari za mavuno, wakubwa. Nimeokota hizi. Mwenyewe nani?"

Akawageukia mmoja mmoja.

"Mzee Ngiri?"

"Zangu zimo kikapuni."

"Ndugu Tembo?"

"Zangu zimo kikapuni."

"Mwalimu?"

"Zangu zimetimia," akasema Nyati.

"Basi hazina mwenyewe." Kacha kacha kacha, akaitafuna moja mbele yao taratibu, kama mtu aliyealikwa. Na wale wote wenye pembe na nguvu walimtazama mwizi akila jasho lao, asiinuke hata mmoja.

"Msinishangae," akasema Fuko, akijifuta mdomo. "Mwizi hahitaji giza, wakubwa. Anahitaji watu wanaoficha aibu."

"Hiyo iliyobaki ni yangu," akasema Digidigi.

"Pole, shemeji. Mwalimu amekwisha sema hukuotesha kitu."

Digidigi akamgeukia Nyati. Hakulia.

"Mwalimu, leo sibishani. Lile tuta nimelifukua mara tatu nikitafuta kosa langu. Nimewachapa watoto hawa nikidhani wao ndio waliozing'oa. Maji chukueni. Niambie tu kosa, nisilirudie."

Nyati akafungua kinywa. Samadi ilikuwa tayari ulimini. Kivuli nacho. Akamwona yule mtoto mdogo kabisa amejificha nyuma ya mguu wa mamaye, na masikio yakamlegea.

Akashika ukingo wa kikapu chake, akakipindua. Gudu. Gudu. Gudu.

Mawe ya mferejini.

"Huna kosa, Mama Nakijwa," akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya mwalimu. "Zangu ziliisha kabla ya zako. Nilijua, na nikakulaumu wewe."